Maswali ya Wasomaji: Utomvu Kwenye Rangi ya Gari

SWALI: Gari langu ni la bluu iliyoiva na hulala chini ya mwembe hapa Chumbageni, Tanga. Boneti na paa vimejaa matone ya utomvu yaliyokauka. Nimesugua kwa sabuni ya unga na sponji ya jikoni. Utomvu uko palepale, na sasa rangi ina mikwaruzo. Jirani anasema nipake petroli. Nifanyeje?

JIBU: Petroli iache kabisa. Hulainisha rangi, hasa iliyopigwa upya gereji, na mvuke wake hushika moto upesi. Sponji nayo irudi jikoni, maana ule upande wake wa kijani ni msasa. Mikwaruzo imetoka hapo, pamoja na vumbi na chumvi ya bahari uliyokuwa ukiiburuta juu ya boneti.

Kwanza tambua umepata nini. Vitone vidogo vingi, vinavyonata kidoleni na kutoka kwa maji matupu, si utomvu. Ni majimaji matamu ya wadudu wanaofyonza majani ya mwembe, na shampuu ya gari inatosha kuyaondoa. Utomvu wenyewe ni bonge la rangi ya asali, gumu, lenye kingo zilizoshika rangi.

Fanya kazi kivulini, asubuhi, bodi ikiwa ya baridi ukiigusa kwa kiganja. Osha gari lote kwa shampuu ili mchanga uondoke. Vaa glavu, kwa kuwa utomvu wa mwembe huchoma ngozi. Chovya kitambaa laini kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kilaze juu ya bonge dakika 5 hadi 10, ukikirudishia joto kinapopoa. Sehemu ya utomvu ni gundi inayovimba kwa maji: utaona bonge linafifia, linakuwa laini kama ubani uliotafunwa. Hapo linyanyue kwa ukucha au kadi ya plastiki, ukianzia ukingoni.

Linalobaki ni la mafuta, na maji hayaliwezi. Tumia spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70. Ijaribu kwanza ndani ya kifuniko cha tanki. Kitambaa kikitoka na bluu, acha, rangi hiyo haihimili. Kikitoka kisafi, lowesha pamba, ilaze juu ya doa nusu dakika, kisha futa mara moja bila kukandamiza. Rudia mara tatu au nne kwa pamba mpya kila mara, kwa sababu pamba iliyokwisha kuchukua utomvu inaupaka pengine. Ubavuni, ambako spiriti huteremka, jeli ya kutakasa mikono hukaa vizuri zaidi. Ukimaliza osha tena na upake waksi, kwani spiriti imeondoa ile ya zamani.

Ikibaki alama ya duara, pitisha ukucha juu yake. Usiponasa, kampaundi laini (dawa ya kung'arishia rangi) kwa mkono inaiondoa, pamoja na mikwaruzo mingi ya sponji. Ukinasa, mpelekee fundi rangi. Klia, yaani tabaka angavu linalofunika rangi, ni nyembamba kuliko unywele, na msasa wa mtu asiyezoea huitoboa.

SWALI: Na vioo na taa? (Msomaji, Pongwe)

JIBU: Kioo cha mbele kinavumilia wembe mpya, kikiwa kimelowa maji ya sabuni na wembe umelazwa. Taa ni plastiki: maji ya moto na subira, bila wembe wala thina.

SWALI: Mafuta ya taa je? Nayaona kwa mafundi wengi.

JIBU: Yanalainisha ile sehemu ya mafuta lakini hayaigusi gundi, na huacha utando unaokamata vumbi. Ukiyatumia, osha kwa shampuu papo hapo.

SWALI: Utomvu ukae muda gani ndipo uharibu rangi?

JIBU: Jua ndilo linaloamua. Boneti ya rangi nzito ikianikwa mchana hupata joto la kutosha kulainisha utomvu, ukashika klia, kisha usiku unakauka na kuivuta. Ukiuona asubuhi, utoe kabla ya saa nne.