Kutoka simuleta hadi Caravan ya kweli

SWALI: Ndugu Mhariri, nimerusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria, kwenye simuleta (mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani) miaka mitatu. Mwezi ujao napanda ya kweli, kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Maasai Mara. Nitarajie nini? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ndugu msomaji, hongera! Kwanza mzigo: kwa kawaida ni kilo 15, pamoja na wa mkononi, katika begi laini. Sanduku gumu halikunjiki kuingia kwenye sehemu ya mizigo iliyo chini ya tumbo la ndege.

Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka, usishtuke.

Kile ambacho skrini haikupi ni mwili. Ndege ikiinama, sikio la ndani husema jambo moja na macho husema jingine, ndipo kichefuchefu huja. Tazama upeo wa macho, wala usiinamie simu. Chagua safari ya asubuhi: kufikia alasiri ardhi ya Bonde la Ufa imeshapata joto, hewa inapanda kwa mikupuo na ndege inarushwarushwa.

Omba kiti cha mbele, nyuma ya rubani. Utaisoma altimita, kipimo cha kimo cha ndege, vizuri kabisa.