Jibu: Kamera ya kufunga kwenye kayaki ya tanga

Ndugu, umeuliza ununue kamera gani isiyoingia maji kwa kayaki yako ya tanga pale Kilifi, na uifunge wapi. Mimi ningetafuta GoPro iliyotumika, toleo la HERO5 kuja juu: inahimili mita 10 bila kasha. DJI Osmo Action 4 inafika mita 18, lakini wewe huendi kupiga mbizi, ya nini kulipia kina usichokifikia?

Kazi hasa ni kuifunga. Usiiweke omo, yaani mbele ya chombo, huko kila wimbi linarusha matone kwenye lenzi. Ifunge shetri, yaani nyuma, juu ya fimbo ya karibu nusu mita, itazame mbele. Utaonekana wewe, tanga na bahari. Kabla ya kukaza chochote, geuza tanga pande zote mbili uone kama kamba inanasa kwenye hiyo fimbo. Yangu ilinasa, nikapinduka mbele ya wavuvi. Walicheka mpaka basi.

Kayaki ikiwa ya plastiki, gundi usiiamini, haishiki vizuri pale. Toboa, tia bolti za chuma kisichoshika kutu, ziba kwa silikoni. Na bado kamera iwe na kamba yake ya pili, maana bila boya inazama kama jiwe.

Lenzi ipake mate, ndiyo, mate: maji yanatandaa badala ya kubaki matone. Ukirudi, isuuze kwa maji ya bomba kabla hujafungua mlango wa betri, kisha kagua mpira wake. Chembe moja ya mchanga inatosha kupitisha maji.