Pikipiki Usiuze Kwanza

Binamu yangu wa Kayole, Nairobi, ameniuliza swali ambalo vijana wengi wa steji yao ya bodaboda wameshaniuliza: auze pikipiki amlipe wakala wa mjini, aje Ujerumani kusomea umeme huku akilipwa? Wakala amemwambia kwamba kwa kuwa tayari ni fundi wa stima, atapokelewa kama fundi.

Uongo uko hapo mwishoni. Mimi nilifika Hannover Septemba 2022, nina miaka 29, cheti cha ufundi cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, mkobani, na miaka sita ya mijengo kuanzia Umoja hadi Ruai. Nikaanza kama mwanagenzi wa mwaka wa kwanza pamoja na watoto wa miaka 16. Miezi ya mwanzo nilichonga kuta, nikavuta nyaya, nikafagia vumbi langu na la wenzangu. Aliyekuwa akinituma vifaa kwenye gari ni mvulana ambaye huko Kayole ningemtuma mimi dukani. Hilo liliniuma kuliko baridi.

Siku moja nikachomoa testa yangu niliyonunua barabara ya Luthuli, Nairobi, ile bisibisi yenye kitaa kidogo. Fundi mkuu akacheka. Wao huiita kalamu ya uongo, kwa sababu inaweza kukuonyesha hakuna moto, yaani umeme, na moto upo. Huku unazima, unafunga ili mtu asiwashe tena, halafu unapima kwa kipimo cha ncha mbili. Kanuni ni tano na nilizikariri kama sala. Na ni mimi huyu niliyekuwa nikibadilisha soketi na stima iko, eti mwenye nyumba asikose mechi!

Halafu kuna rangi. Tulifungua ukuta wa nyumba iliyojengwa kabla ya 1965, nikaona waya nyekundu. Akili yangu ya Nairobi, iliyozoea nyumba zetu za zamani, ikasema hiyo ndiyo yenye moto. Kumbe katika nyumba za umri huo huku, nyekundu ni ile inayokwenda ardhini, na yenye moto ni nyeusi. Nyeusi, ambayo kwetu tuliishika bila kufikiri. Siku hiyo nilinyamaza hadi jioni.

Pesa? Shule hulipii karo, na mwajiri hukulipa tangu mwezi wa kwanza. Lakini kiwango cha chini kisheria kwa walioanza 2022 kilikuwa yuro 585 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Walioanza 2025 ni 682. Kampuni nyingi za umeme hulipa zaidi, yangu pia, ila makato yapo na chumba humeza karibu nusu. Mwaka wote wa kwanza sikutuma nyumbani kitu cha maana. Mama alielewa, wajomba hawakuelewa.

Mzigo mkubwa ni lugha. Viza kwa kawaida hudai B1, kiwango cha kati cha Kijerumani, lakini darasani, mwalimu anapoeleza michoro ya saketi kwa kasi yake, utatamani B2, ngazi inayofuata. Kila wiki unaandika kwa Kijerumani kazi ulizofanya, mwajiri anatia sahihi. Daftari hilo lisipokamilika huingii mtihani. Na mtihani wenyewe una sehemu mbili, moja katikati ya mafunzo na nyingine mwishoni, baada ya miaka mitatu na nusu. Saa mbili za kuandika daftari baada ya siku nzima ya nyundo na patasi: hapo ndipo niliwaza kurudi.

Kuhusu wakala: mkataba wa uanagenzi haununuliwi. Nilituma maombi arobaini na kitu mwenyewe, kwa simu, nikiwa chumbani Kayole. Yale makubaliano ya Kenya na Ujerumani kuhusu uhamiaji na ajira yaliyotiwa sahihi Berlin Septemba 2024 hayana idadi ya nafasi; zile 250,000 zilizovuma, serikali ya Ujerumani yenyewe ilizikana.

Ningerudia? Ndiyo, lakini ningeanza na miaka 22.

Kwa hiyo binamu, endelea kubeba abiria. Pesa ya pikipiki ikulipie masomo ya Kijerumani pale Goethe, Maendeleo House, au kwa mwalimu yeyote anayefundisha vizuri. Ukifika B1, niandikie barua yako ya kuomba nafasi, kwa Kijerumani, bila kumwomba mtu akusaidie. Nitaisahihisha kwa kalamu nyekundu, tena usiku, maana mchana niko juu ya ngazi.