Doa jeusi kwenye picha ya rada si lazima liwe mafuta

Mkuu uliyeuliza kama bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, likianza kujaza meli pale Chongoleani, Tanga, sisi wa bara tunaweza kuona mafuta yakimwagika baharini kwa picha za bure: inawezekana. Niko Moshi, nachora ramani, na picha hizo nazifungua mara kwa mara.

Picha za rangi ziweke kando kwanza, maana mawingu yakitanda huoni kitu. Fungua Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya yenye rada, inayoona usiku na mchana, hata penye mawingu. Rada hupiga bahari kwa mshazari. Viwimbi vidogo vya upepo hurudisha sehemu ya mawimbi ya rada, ndiyo maana bahari huonekana kijivu. Utandu wa mafuta huvilaza viwimbi hivyo, mawimbi ya rada yanateleza kwenda zake, nawe unaona doa jeusi. Tumia chaneli ya VV, yaani rada inatuma na kupokea mawimbi ya wima. VH, inayotuma wima na kupokea ya mlalo, kwa kazi hii haikusaidii sana.

Sasa hapa ndipo watu huingia mkenge, wakarusha picha mitandaoni na taharuki juu. Rada haioni mafuta, inaona maji yasiyo na viwimbi. Upepo ukilala, doa. Mvua kubwa ikipiga, doa. Utandu wa asili wa viumbe wa baharini, doa. Kama huamini, fungua Bwawa la Nyumba ya Mungu hapa kusini mwa Moshi: asubuhi tulivu ni jeusi tii, siku ya upepo linageuka kijivu. Na wala hakuna aliyemwaga kitu.

Kwa hiyo anza na upepo wa saa ile ile. Chini ya mita 2 au 3 kwa sekunde, picha hiyo achana nayo. Ukizidi mita 10 hadi 12, mafuta yanachanganyika na maji na doa linapotea. Kwetu setilaiti hii hupita alfajiri au jioni, na alfajiri pwani huwa shwari, kwa hiyo tahadhari.

Halafu tazama umbo. Meli inayomwaga uchafu wa matangi huku ikitembea huacha mstari mwembamba mrefu, na kwenye ncha moja kuna nukta nyeupe inayong'aa: meli yenyewe. Upande wa nukta mstari ni mkali. Kadiri unavyorudi nyuma unapanuka na kuchanika, maana mkondo umeshauvuta. Doa la upepo mara nyingi halina ncha wala mwenyewe.

Usiifanye mlinzi wa zamu, lakini. Setilaiti moja hurudia njia ile ile kila baada ya siku 12, na mengi hutokea katikati. Wala haikwambii ni mafuta ya aina gani. Hapo lazima mtu achote maji yapimwe.

Kuhusu bando: faili moja hukaribia GB 1, usipakue. Tazama kwenye Copernicus Browser, tovuti ya Ulaya ya kutazamia picha hizi, akaunti ni bure. Ukipata doa, weka hapa tarehe, eneo na kasi ya upepo, tulitazame.