Maswali ya Wasomaji: Gemu ya Ngumi Inapogeuka Filamu ya Katuni

Barua kadhaa zilizotufikia kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zinahusu filamu za katuni zilizotokana na gemu za mapigano. Kwa kuwa maswali yanakaribiana, tumeyapa safu nzima ya toleo hili.

SWALI: Ndugu Mhariri, nasimamia kibanda cha gemu hapa Masasi, na jioni hugeuka kibanda umiza. Wateja wangu wanazipenda sana Street Fighter na Tekken, lakini nikiwawekea filamu zake zilizoigizwa na watu, wengi huondoka kabla ya kufika katikati. Nikiwawekea zile za katuni, wanakaa mpaka mwisho. Sababu ni nini, na ipi ni nzuri zaidi ya kuanza nayo?

JIBU: Ndugu yetu wa Masasi, wateja wako hawakosei, na sababu ya kwanza iko kwenye pedi wanazoziacha filamu inapoanza. Katika Tekken, ambayo kampuni ya Namco iliitoa mwaka 1994, vitufe vinne vinasimamia viungo vinne vya mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Katika Street Fighter II, ambayo Capcom iliitoa mwaka 1991, kijana anayetaka mpiganaji wake Ryu arushe Hadouken, yaani mpira wa nguvu unaotoka viganjani, huviringisha kidole gumba kutoka chini kuelekea mbele kisha akabonyeza kitufe cha ngumi, na pigo likitoka analiona kuwa ni lake mwenyewe. Hana haja ya kuelezwa kwa nini Ryu anapigana, maana Ryu anapigana kwa kuwa mwenye pedi hataki kushindwa na rafiki yake aliyeketi pembeni. Filamu inamnyang'anya mtazamaji sababu hiyo, na isipompa nyingine, kinachobaki ni watu wanaorushiana mateke bila kisa.

Sababu ya pili ni kwamba wahusika hawa walizaliwa wakiwa michoro. Dhalsim anarefusha mikono yake hadi upande wa pili wa uwanja, na Blanka anatoa umeme mwilini. Mchoraji haoni ugumu wowote hapo, lakini mwigizaji mwenye mifupa na mavazi ya kushonwa hana budi kusaidiwa na hila za kamera, nazo mtazamaji aliyeizoea gemu huzigundua upesi. Mwaka 1994 zilitoka filamu mbili za Street Fighter, moja ya katuni nchini Japani na moja ya waigizaji nchini Marekani, kwa hiyo ulinganisho ni rahisi. Katika ile ya Marekani, Jean-Claude Van Damme alicheza mwanajeshi Guile na kufanywa stelingi, huku Ryu na rafiki yake Ken wakisukumwa pembeni. Anayekumbukwa humo kwa haki ni Raúl Juliá, ambaye alimcheza adui mkuu, Bison, kwa moyo wote ingawa afya yake ilikuwa imedhoofika, na akafariki kabla filamu haijaanza kuonyeshwa.

Anza na ile ya Kijapani, Street Fighter II: The Animated Movie, iliyoongozwa na Gisaburō Sugii. Tazama mwanzo wake: usiku, uwanda wa nyasi, upepo na mvua ya radi, na watu wawili tu, Ryu na mpinzani wake Sagat. Hakuna watazamaji, hakuna mkanda wa ubingwa, hakuna fedha. Kila aliyecheza gemu anaijua ile alama ya kovu kifuani mwa Sagat, na hapa anaonyeshwa jinsi ilivyopatikana, na kwa nini Sagat hataisahau. Hadouken inapotoka haitoki kwa wepesi wa kitufe. Mikono inakusanyika kiunoni, mwanga unakua kati ya viganja, na mtazamaji anasubiri. Kusubiri huko hakumo kwenye gemu, na kwa maoni yangu ndiko kunakoifanya filamu hiyo istahili kuwepo.

Pambano la Chun-Li na Vega nalo lina sababu yake. Vega anaingia usiku nyumbani kwa mwanamke aliyekuwa akipumzika, akiwa amevaa kinyago na kucha za chuma, na Chun-Li anapigana akiwa na hofu ya kweli, akitokwa na damu, katika chumba chenye samani zake mwenyewe. Katika kupanga mapigano ya filamu hiyo walishirikishwa Kazuyoshi Ishii, mwanzilishi wa mashindano ya ngumi na mateke ya K-1, pamoja na mpiganaji Andy Hug. Matunda ya ushauri wao yanaonekana kwa jinsi miguu inavyokanyaga chini kabla ngumi haijaondoka. Udhaifu wa filamu ni wingi wa wahusika. Kwa kuwa kila mchezaji anataka kumwona wake, baadhi yao wanapita haraka bila kufanya lolote la maana.

Baada ya hiyo, wawekee Fatal Fury: The Motion Picture ya Masami Obari, nayo ya mwaka 1994. Tekken: The Motion Picture ya mwaka 1998 ni dhaifu, kwa sababu inajaribu kuibana familia nzima ya Mishima, pamoja na washindani wengine, katika muda wa saa moja hivi. Tekken: Blood Vengeance ya mwaka 2011, iliyotengenezwa kwa kompyuta, inachelewa kupamba moto, lakini pambano la mwisho la Heihachi, Kazuya na Jin, yaani babu, baba na mwana wa familia hiyo, litawanyamazisha hata wateja wako wabishi.

SWALI: Niko Newala. Kwenye flashi yangu nina nakala mbili za filamu hiyo ya Street Fighter. Katika moja, adui mkuu anaitwa Bison, na katika nyingine anaitwa Vega. Ipi ni ya kweli?

JIBU: Zote ni za kweli. Nchini Japani, M. Bison lilikuwa jina la yule bondia mweusi aliyefanana na Mike Tyson. Gemu ilipopelekwa Marekani, Capcom iliogopa kushitakiwa, ikayazungusha majina ya watu watatu: bondia akawa Balrog, mwenye kucha akawa Vega, na adui mkuu, aliyeitwa Vega kule Japani, akawa Bison.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Lindi Mjini. Mwanangu wa miaka 9 ameazimwa simu na mjomba wake, akawa anatazama Mortal Kombat Legends. Nilimwachia kwa kuwa ni katuni. Juzi nilikaa naye kidogo nikashtuka. Je, katuni hizi si za watoto?

JIBU: Hapana, Mama, si za watoto, na umefanya vyema kukaa naye. Mortal Kombat Legends: Scorpion's Revenge ya mwaka 2020 ilipewa nchini Marekani daraja la R, yaani mtu aliye chini ya umri wa miaka 17 haruhusiwi kuiona kwenye ukumbi wa sinema bila mzazi au mlezi. Simulizi inaanza kwa Hanzo Hasashi kuuliwa mkewe, mwanawe na ukoo wake wote, naye anarudi kutoka kuzimu akiwa Scorpion ili alipize kisasi. Ndani yake mna mifupa inayovunjwa huku mtazamaji akiiona ndani ya mwili, na viungo vinavyokatwa. Zile zilizofuata mwaka 2021, 2022 na 2023 ni za ukoo huohuo. Gemu yenyewe, iliyotoka mwaka 1992, ilizua mjadala mkali hata ikajadiliwa katika Baraza la Seneti la Marekani mwishoni mwa 1993, na mwaka uliofuata kikaanzishwa chombo cha kupanga gemu kwa umri.

Huku kwetu Kusini mafunzo ya jando na unyago hutolewa kwa rika lake, na hakuna kungwi anayempa mtoto mdogo yale ya wakubwa kwa sababu tu yanaimbwa vizuri. Mchoro nao ni namna ya kusimulia tu, na haumwambii mtu umri wa anayesimuliwa. Hata ile ya Sugii niliyoisifu hapo juu haimfai mtoto wa miaka 9, kwa kuwa ina damu na sehemu ya Chun-Li akioga, ambayo ilipunguzwa katika baadhi ya nakala zilizouzwa Marekani. Usimpige wala usimwaibishe mwanao. Mwambie kwamba filamu hiyo ni ya watu wazima, zungumza na mjomba, na umuulize mtoto alichokiona, kwa sababu pengine kuna picha inayomsumbua usiku naye hajapata wa kumwambia.

SWALI: Ni mwanafunzi wa sekondari, naishi Mikindani. Babu yangu ni mchonga vinyago. Ninapenda kuchora, na nataka nitengeneze katuni ya mapigano yenye sura ya Kimakonde. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye ngumi moja. Filamu hupita kwa picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wengi hurudia kila mchoro mara mbili au tatu, kwa hiyo michoro 12, au hata 8, inatosha kwa sekunde moja. Chukua daftari nene, chora kwenye pembe za kurasa, kisha uzifyatue kwa kidole gumba. Gawa michoro yako hivi: minne au mitano bega likirudi nyuma na uzito ukihamia mguu wa nyuma, mmoja tu wa mkono ukienda, mitatu isiyobadilika pale ngumi inapogusa, na iliyobaki ya anayepigwa akiyumba. Wanaoanza hufanya kinyume, wakachora mkono ukisafiri katika kurasa nyingi, na pigo likaonekana kama salamu. Ile michoro mitatu iliyoganda ndiyo inayoleta uzito, na hata gemu hufanya hivyo, kwani pigo linapofika wapiganaji wote wawili husimama kitambo kidogo mno kabla ya kuendelea.

Kuhusu sura ya Kimakonde, kaa karibu na babu yako anapofanya kazi, uchore mikono yake na si kinyago pekee. Katika ngoma ya sindimba tazama magoti na kiuno, maana mchezaji anashuka chini na nguvu inaanzia hapo, jambo ambalo litampa mpiganaji wako mtindo usiofanana na karate wala muay thai. Vinyago vya midimu, yaani vile vinavyovaliwa usoni ngomani, vina historia na miiko yake, kwa hiyo waulize wazee kipi kinaruhusiwa kuchorwa kabla hujampa adui wa filamu yako uso huo. Ukiwa na simu, programu ya FlipaClip itakutosha kuanzia. Ukipata kompyuta shuleni, Krita na Blender hupatikana bila malipo. Ukimaliza ngumi ya kwanza, chora ileile mara ya pili, lakini safari hii mpigaji awe anampiga ndugu yake asiyetaka kumpiga, kisha angalia ni michoro ipi kati ya ile 12 iliyolazimika kubadilika.