Kuhusu Kituo cha Volkano cha Goma

Ndugu, umeuliza kituo chetu cha kuchunguza volkano hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kiitwacho kwa kifupi OVG, kilianza lini na kina faida gani ikiwa mwaka 2021 mlima wa volkano Nyiragongo ulipasuka bila onyo. Kilianzishwa mwaka 1986, yaani miaka tisa baada ya ziwa la lava (mawe yaliyoyeyuka) la Nyiragongo kumwagika tarehe 10 Januari 1977 na kuteketeza vijiji vya mitelemkoni. Kazi yake ni kusoma matetemeko, kupima gesi na mabadiliko ya umbo la ardhi, kisha kuwaarifu viongozi na raia kwa rangi nne ambazo kila mtoto wa Goma anazijua: kijani, njano, chungwa na nyekundu.

Kuhusu tarehe 22 Mei 2021, lawama zako naona ni nusu haki, kwa sababu Nyiragongo, ambao lava yake ni nyepesi mno na hukimbia kama uji, unaweza kupasuka ubavuni bila dalili ndefu. Tena ufadhili wa kituo ulikuwa umekatika mwaka uliotangulia. Tusisahau pia hatari nyingine ya huku, mazuku, ile hewa ya ukaa inayojikusanya mabondeni na kuua kimyakimya.