Taimingi belti ya gari la mtumba: ubadilishe lini?

Kama umenunua gari lililotumika, injini yake ni ya mkanda (taimingi belti, mkanda wa mpira wenye meno unaooanisha mizunguko ya injini), na hakuna maandishi yanayoonyesha mkanda huo ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa. Ushauri huu unalihusu hata gari ambalo odomita yake (kihesabu kilomita) inasoma kilomita 60,000. Yanayofuata ni ya kukusaidia kujua kama injini yako ina mkanda kweli, kusoma ushahidi uliopo, na kuisimamia kazi gari likiwa limefunguliwa.

Kwanza hakikisha ni mkanda, si cheni

Toyota nyingi za petroli za kuanzia miaka ya 2000 zina cheni (majina haya ni ya injini): 1NZ-FE ya Vitz, IST na Probox, 1ZZ-FE, 2AZ-FE ya Harrier 2.4, pamoja na 1TR na 2TR. Nissan za QG, MR na HR ni hivyohivyo. Cheni haina ratiba ya kubadilishwa. Inachohitaji ni oili safi kwa wakati wake.

Mkanda utaukuta kwenye 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE za Corolla na Carina za miaka ya 90, 3S-FE ya RAV4 ya mwanzo, 1MZ-FE ya Harrier 3.0, na kwenye dizeli zinazobeba watu na mizigo kila siku: 2L, 3L, 5L, 1KZ-TE, 1KD-FTV na 1HZ. Subaru za EJ15, EJ20 na EJ25 zote ni za mkanda. Zilizofuata, za FB, ni za cheni. Honda CR-V ya kwanza, yenye B20B, ni ya mkanda, ilhali ya pili, yenye K20A, ni ya cheni. Ndiyo maana jina la gari peke yake halitoshi. Soma jina la injini (kama 1NZ-FE) kwenye kibati kilicho chini ya boneti, au kwenye injini yenyewe.

Ukikatika, hasara ni kiasi gani?

Mkanda unaunganisha kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili unaofungua vali): kranki ikizunguka mara 2, kamshafti inazunguka mara 1, na vali zinafunguka na kufunga kwa mpangilio na pistoni bila kugongana. Ukikatika, kamshafti inasimama palepale huku pistoni zikiendelea kupanda. Kwenye baadhi ya injini pistoni haizifikii vali zilizobaki wazi. 4A-FE na 3S-FE za kawaida ziko hivyo: gari linazima, unafunga mkanda mwingine, unaendelea na safari. Kwenye dizeli zote nilizotaja, na kwenye EJ25, pistoni inagonga vali. Vali zinapinda, hedi (kichwa cha injini) inashushwa, na wakati mwingine pistoni nazo zinatoboka. Mwenye gari la namna hii hana nafasi ya kusogeza tarehe.

Kilomita, miaka, na foleni

Kwa magari ya Japani yaliyotajwa hapa, kipimo salama ni kilomita 100,000. Baadhi ya vitabu vya magari yaliyouzwa nje ya Japani vinaruhusu zaidi. Kwa 1KD vinafika 150,000. Kwa barabara zetu zenye joto na vumbi, mimi ningebaki kwenye 100,000.

Lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mkanda wenye miaka 7 uhesabu umekwisha, hata kama gari limetembea kilomita 40,000 tu. Gari la mzee linalotoka Jumapili kwenda kanisani linaponzwa hasa na miaka.

Halafu kuna foleni, ambayo odomita haiihesabu. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) kwenye mizunguko 750 kwa dakika inazunguka mara 45,000 kwa saa. Ikiwa barabara kuu, kilomita 100 kwa saa na mizunguko 2,500, inazunguka mara 150,000. Kwa hiyo saa 1 ya kusimama foleni imeutumikisha mkanda sawa na kilomita 30 za safari. Anayekaa kwenye foleni saa 2 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ameuongezea mkanda wake kama kilomita 18,000 zisizoonekana popote. Kwa gari la mjini la namna hii, badilisha kwenye 80,000.

Kusoma ushahidi

Fungua boneti utafute stika, kwenye kava la mkanda lenyewe au pembeni yake. Gereji nyingi za Japani hubandika stika yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Elekeza kamera ya simu inayotafsiri, uhakikishe inazungumzia taimingi belti na si oili. Mwaka unaweza kuwa wa Kijapani: Heisei (H), jumlisha 1988, Reiwa (R), jumlisha 2018. H22 ni 2010, na R3 ni 2021. Stika ya H22 haikusaidii leo.

Kilomita za stika zilinganishe na za cheti cha kufuta usajili cha Japani na za dashibodi. Stika ikiwa na kilomita nyingi kuliko dashibodi, huenda odomita imerudishwa nyuma.

Prado, Surf na Hiace za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Ieleweke vizuri: taa hii inahesabu kilomita tu, haiupimi mkanda. Inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na ndivyo hufanyika gari likiandaliwa kuuzwa. Ikiwaka, badilisha. Ikiwa haijawaka, hujajua chochote.

Na kuutazama kwa macho? Fundi akifungua kava la juu akaona nyufa, nyuzi pembeni, meno yaliyolika au oili, jibu limepatikana. Ila mkanda unaoonekana mzuri haujathibitisha kitu. Nguvu yake iko kwenye nyuzi za ndani, na mikanda ya siku hizi ya mpira wa HNBR inaweza kufika mwisho bila kuonyesha ufa hata mmoja. Vilevile usisubiri mlio. Mkanda huu una meno, hautelezi, kwa hiyo haupigi mluzi kama feni belti. Ukisikia mvumo nyuma ya kava, mara nyingi ni beringi.

Jambo moja halingoji ratiba: oili au maji yanayovuja ndani ya kava. Oili inalainisha mpira mpaka meno yanang'oka. Ziba uvujaji, na mkanda huo usirudishwe hata ukiwa wa mwezi jana.

Spea za kununua

Usinunue mkanda peke yake. Beringi ya tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) na pulley (magurudumu unayopitia) zimezunguka kilomita zilezile, na beringi ikigoma inaukata mkanda mpya. Ongeza sili (mpira unaozuia oili kuvuja) ya kranki na sili za kamshafti, maana zinafikika vizuri wakati huu tu. Kwenye EJ na 3S-FE wota pampu inazungushwa na mkanda huuhuu, hivyo ibadilishe pamoja na gasketi yake, na utie kulanti mpya. Kwenye 1KZ, 1KD na 1HZ wota pampu iko upande wa feni belti. Kama haivuji na haichezi, iache.

Kwa Subaru nunua kiti kamili chenye tenshena na pulley zote, pamoja na ile yenye meno. Aisin, Gates, Mitsuboshi na Bando ni majina ya kuaminika, lakini yanaigwa sana. Nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti yenye namba ya spea. Mkanda ulioning'inizwa kwenye msumari juani, au uliofungwa kwa waya ukapata kona, uache hapohapo dukani. Nyuzi za ndani zikikunjwa zinavunjika, na hutaziona.

Kwenye kazi yenyewe

Alama zote zilingane kabla mkanda wa zamani haujatolewa. Kosa kubwa la Subaru ya EJ liko kwenye kranki: alama sahihi si mshale unaoonekana mbele, ni mstari mdogo ulio nyuma ya gia, kwenye jino linalosomwa na sensa. Anayefuata mshale anafunga injini ikiwa nje ya majira kabisa. Na kwenye EJ zenye kamshafti 4, zile za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za vali. Mkanda ukitoka zinaweza kuruka na vali zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Zishikiliwe.

Tenshena ya haidroliki, ya EJ au 1KD, ikandamizwe ikiwa wima na polepole, dakika 3 au zaidi, kisha ipigwe pini ya kuishikilia. Ikikandamizwa kwa haraka sili ya ndani inakufa, na mkanda utakuja kulegea baadaye. Tenshena za springi, kama za 5A-FE, ziachiwe springi yake ivute. Fundi akiongeza kwa bisibisi kubwa, mkanda unakaza kupita kiasi na beringi zinaanza kulia.

Kabla ya kupiga stata, kranki izungushwe kwa spana mizunguko 2 kamili na alama zitazamwe upya. Ikigoma katikati, hapo kuna vali inayokutana na pistoni: simama, usilazimishe. Hatua hii inachukua dakika 2, na ndiyo ya kwanza kurukwa fundi akiwa na haraka, kwa hiyo uwepo pale ikifanywa. Likiwaka, gari ambalo mkanda wake umefungwa ukiwa umeruka jino 1 huwa zito, linatetemeka sailensa, linakula mafuta, na taa ya injini huweza kuwaka. Litarudi kufunguliwa tu, hakuna marekebisho mengine yatakayoliponya.

Mwisho, andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye stika, uibandike juu ya kava, na uchukue mkanda wa zamani ukae nao kama ushahidi kwamba umetolewa.

Kama umeshakatika njiani

Injini inazima ghafla, na stata inazunguka nyepesi na haraka kuliko kawaida. Usiendelee kuipiga, kila mzunguko unaongeza madhara. Vuta gari hadi gereji, mkanda mpya ufungwe alama zikiwa sawa, injini izungushwe kwa mkono, kisha ipimwe mgandamizo wa silinda moja moja. Zikiwa sawa zote, umepona. Silinda isiyo na mgandamizo ina vali iliyopinda, na hapo ndipo hedi ishushwe, si kabla.